Zamu ya Bustanini

Masakta,
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Brightness,

Hujambo na kazi za mjini. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu, ila tumechoka.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tumeshindwa. Jumapili iliyopita mimi nilipiga kelele, wewe ukapiga kelele, salio likaisha na hakuna aliyesikia la mwenzake. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza alilotaka kusema. Barua nampa Eliakimu wa duka la pembejeo, kila wiki anakuja Mbulu kuchukua mzigo. Na wewe jibu kwa mkono wake.

Jambo lenyewe ni hili. Mke wa Margwe, jirani yetu wa upande wa chini, alikuja hospitali huko wiki juzi. Amerudi ananiambia amekuona na mama mmekaa kwenye bustani ya mji, ile yenye mabembea, saa nne asubuhi, siku ya Jumatano. Mama anakula andazi. Wewe umenyoosha miguu. "Walipendeza," ananiambia, "kama wageni waliokuja kutembea."

Brightness, Jumatano hiyo mimi nilikuwa nyuma ya ng'ombe nimeshika plau, kwa sababu mguu wa shemeji yako Bura umevimba tena. Mvua imeanza tarehe tatu na haisubiri mtu. Nimelima heka mbili na mgongo huu unaoujua, nikifika nyumbani nashindwa kuinama kuvua viatu.

Ulipomchukua mama mwezi wa saba ulisema ni kwa ajili ya kliniki ya presha. Hukusema ni kwa ajili ya kupunga upepo. Nina miaka hamsini na nane, na sijawahi kumwona mama amekaa chini wakati watu wanapanda. Kama ana nguvu za kwenda kustarehe, basi ana nguvu za kurudi kwake. Hata akikaa mlangoni akafukuza kuku wasile mbegu, ni msaada.

Mwambie nyumba yake ipo, inamsubiri.

Dada yako,
Ludovika


Mbulu,
28 Novemba 2024

Dada Ludovika,

Shikamoo. Pole na kulima, pole na mgongo, na shemeji mpe pole ya mguu.

Ni kweli tulikuwa bustanini Jumatano. Hata Alhamisi tulikuwepo, na Ijumaa. Tunaenda kila siku isipokuwa Jumapili. Daktari alisema miguu ya mama isipotembea itaganda, na hapa nilipopanga ukitoka mlangoni ni kupanda au kushuka. Pa mtu mzima kutembea bila kuanguka ni pale tu. Tunazunguka njia ya ndani mara tatu, yeye na fimbo yake, mimi nimemshika kiwiko, halafu tunapumzika. Hiyo miguu niliyonyoosha ilikuwa kwenye cherehani tangu alfajiri. Nina sare za shule nzima na nimeshachelewesha.

Ukiwahi kufika msimu huu utapapenda. Mijakaranda imemwaga maua mpaka njia haionekani. Jumamosi wanapita watu wa jogingi wanaimba, jioni kwaya inafanya mazoezi kwenye majani, vijana wanacheza mpira wa wavu. Mlinzi, mzee Nikolausi, ni mstaafu wa jeshi. Anamsalimia mama kwa heshima na kumwita Bibi Rahel.

Mama anaendelea vizuri. Anakusalimia sana, amekutaja kwa jina.

Mchana usipige simu, mlio unamshtua. Tuendelee kuandikiana.

Mdogo wako,
Brightness


Masakta,
9 Februari 2025

Brightness,

Salamu zimefika. Jua ni kali, mahindi yamejikunja kama tumbaku. Tunasubiri wingu.

Nina jambo la haraka. Kamati ya ardhi ya kijiji inapita kupima mashamba, kila mtu apate hati ya kimila. Kwetu wanafika katikati ya mwezi wa tatu. Upande wa juu hakuna neno. Shida ni upande wa Margwe. Minyaa ya mpakani ilikwisha na ule moto wa nyika, baba hayupo, na baba yake Margwe hayupo. Margwe anasema mpaka unapita kwenye kichuguu. Mimi nakumbuka ni chini zaidi, lakini nilikuwa mtoto, siwezi kuapa.

Aliyebaki anayejua ni mama. Muulize akiwa ametulia, ameshiba. Andika maneno yake kama alivyoyasema, usiongeze lako. Nitayasoma mbele ya kamati.

Nyumba yake iko salama, mwambie.

Ludovika


Mbulu,
20 Februari 2025

Shikamoo dada,

Nimemuuliza. Nilisubiri siku tatu mpaka nikaona leo yuko sawasawa.

Tulikuwa bustanini, kwenye benchi la juu. Kwa jua hili majani yamekuwa ya njano, watu wote wamehamia upande wenye kivuli, watoto wananunua barafu za ukwaju langoni. Nikamwambia, "Mama, Ludovika anauliza shamba letu linaishia wapi." Akanyoosha fimbo akajibu kwa Kiiraqw chetu, bila kusitasita:

"Linaishia kwenye ule mti mkubwa uliopinda, juu ya mfereji. Kuanzia pale kuja huku ni kwetu. Baba yako alizika jiwe jeupe kwenye shina."

Ndiyo maneno yake, sikuongeza hata moja. Dada, sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kutuagiza maji. Nilifurahi sana.

Brightness


Masakta,
23 Machi 2025

Brightness,

Sijui nianzie wapi.

Kamati ilikuja Jumanne, watu tisa, na majirani wote nyuma yao. Nikasimama nikasoma barua yako kwa sauti. Huku kwetu mti mkubwa uliopinda juu ya mfereji ni mmoja tu, ule mkuyu ulio nyuma ya zizi la Margwe. Nilipofika kwenye maneno ya mkuyu, watu wakaguna.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Ni kama heka nzima. Nikasema, "Mmesikia, ni mama huyo."

Margwe hakupandisha sauti. Alivua kofia akasema, "Ludovika, chini ya mti huo, upande huu unaosema ni wenu, ndipo alipolala baba yangu. Siku tunamzika, mama yako ndiye aliyepikia watu. Hawezi kusema hivyo. Mlete aseme mwenyewe, nikisikia kwa mdomo wake nitahama."

Tukachimba kwenye shina. Hakuna jiwe jeupe, hakuna jiwe la rangi yoyote. Mwenyekiti akafunga daftari, akasema shauri lisubiri mpaka mama aje.

Tangu siku ile mke wa Margwe anapita kwangu kama anapita kwenye kichaka. Ng'ombe tuliokuwa tunaazimana wamefungwa kwao. Mvua zimerudi, palizi imenizidi, niko peke yangu.

Mlete mama. Sitaki tena barua ya maneno yake, nataka aje.

Ludovika


Mbulu,
4 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Umeandika mara moja na kupiga simu mara sita, mimi kimya. Ulifikiri nina kiburi. Leo nakuambia yote, na ukimaliza kusoma unaweza kunitukana.

Mama hajui aliko. Si mara mojamoja. Ni tangu Oktoba.

Bustani ya mji anaidhani ndiyo shamba la Masakta. Ndiyo maana ninampeleka kila siku; nisipompeleka analia, anasema magugu yameshinda mahindi na sisi watoto tumelala. Akifika anatulia. Ule mti uliopinda ni wa humu bustanini, uko juu ya mtaro wa maji ya mvua. Jiwe jeupe ni lile la ukingo wa njia lililopakwa chokaa. Siku ile ya Februari alikuwa anaonyesha alichokiona mbele yake, na mimi niliuona ule mti, dada, niliuona kwa macho yangu, nikakataa kuelewa. Nilitaka sana awe amejibu.

Ulipoandika habari ya kaburi la baba yake Margwe nilishindwa kushika kalamu.

Na hajakutaja kwa jina. Nilidanganya. Kuhusu simu pia nilikuficha. Anaposikia sauti yako anauliza nani amemfungia Ludovika humo ndani. Siku moja nilimkuta ameshika kisu anajaribu kuifungua akutoe.

Mwezi wa nne nilikwenda kupeleka sare, nikamwachia jirani yangu Loveness. Loveness aliingia kukanda unga, akitoka mama hayupo. Mvua ilikuwa inamwagika kama imefunguliwa. Nilikimbia sokoni, nikaenda kanisani, nikaenda stendi. Nilijua kabisa aliko ila nilikuwa naogopa kumkosa pale. Nikamkuta bustanini, maji yamefika magotini, anachimba kwa fimbo kupitisha mfereji maji yasichukue mbegu. Mzee Nikolausi alikuwa amemfunika kwa turubai na yeye mwenyewe analowa. Alisema, "Nimemwita atoke amekataa, nikaona nimsaidie kuchimba."

Tulilazwa siku tano, homa ya mapafu. Sikukuambia. Kitandani alinishika mkono akaniita Ayo. Yaani mama, dada. Mimi ndiye aliyemwita mama.

Sasa ameanza kung'oa maua ya halmashauri anapanda maharage. Mtu wa ofisini alikuja kufoka. Nikolausi akamwambia afoke kwake, halafu akatukatia kipande kwenye uzio, urefu wa kitanda, akasema, "Bibi, shamba lako ni hili, kwingine wamepimiwa wengine." Analilima kila siku. Naye sasa anafanya kazi kuliko sisi sote.

Nimechoka. Wateja wamepungua, cherehani nashona mikono miwili ya gauni nasimama kumtazama yuko wapi. Nimechoka na nimekukosea, na kwa Margwe sijui nitaombaje msamaha.

Brightness


Masakta,
11 Mei 2025

Brightness,

Nimekwenda kwa Margwe na barua yako mkononi. Nilimsomea yeye na mkewe uani kwao. Nilipofika kwenye kisu na simu, mkewe akaingia ndani. Margwe aliniambia tu, "Nilijua." Halafu akafungua ng'ombe akanipa kamba nikalimie.

Na mimi nilijua. Mwaka jana, kabla hujamchukua, alinipikia ugali akaweka sabuni ya unga badala ya unga. Mara mbili. Niliumwaga nikanyamaza. Ulipokuja kumchukua nilishukuru moyoni, nikaona aibu kushukuru. Sasa aibu nayo haikai bure, ikawa hasira, nikakutupia wewe.

Kuna lingine. Nyumba yake haipo. Ilianguka mwezi wa kwanza, ukuta wa nyuma kwanza, halafu paa. Nilikuwa nakuandikia iko salama kwa sababu sikutaka uwe wewe wa kumwambia. Vyombo nilivitoa. Kitanda kimevunjika.

Usimwambie. Yeye shamba lake liko huko.

Nikimaliza kuvuna mahindi nakuja. Si kutembea. Nakuja kukaa, na wewe utoke uje huku ulale. Usibishe.

Ludovika


Masakta,
27 Julai 2025

Dada Ludovika,

Shikamoo, na pole na zamu. Leo ni wiki ya tatu tangu ushuke kwenye basi na mfuko wako wa maharage, ukaniambia pale mlangoni, "Nenda kabla sijabadili mawazo." Tulikuwa hatujaonana mwaka mzima, na hatukukaa hata nusu saa.

Nilidhani nakuja kulala. Siku ya kwanza nililala, ni kweli, shemeji Bura alikuja mara mbili kusikiliza kama napumua. Siku ya pili nikasema niwasaidie kupiga mahindi. Dada, mikono yangu imetoka malengelenge kwenye sehemu ambazo sikujua zina ngozi. Kuchota maji ni saa nzima kwenda na kurudi. Jioni shemeji anasema, "Hii ni kazi ndogo, ya mavuno. Ungekuja wakati wa palizi." Nimekumbuka nilivyokuandikia habari za jakaranda nikaona haya.

Nimepita ilipokuwa nyumba ya mama. Umefagia. Kumebaki weusi wa jiko ardhini. Nilisimama pale nikijaribu kulia, halikuja chozi.

Kamati imerudi. Nilikwenda mpakani na Margwe, sisi wawili tu kwanza. Akanionyesha kichuguu, akaniambia habari ya siku baba yetu na baba yake walipopima kwa hatua, wakabishana hatua ya nani ni ndefu, wakamwita mama apime yeye. "Mpaka huu ni wa miguu ya mama yako," alisema. Nikamwomba msamaha. Akasema barua ya mwongo angeijua, ile ilikuwa barua ya mtu aliyechoka. Wajumbe wakaja wakaandika kichuguu, nimeweka sahihi kwa niaba ya mama, na mke wa Margwe ametuletea maziwa.

Nimeshapumzika vya kutosha. Nadhani nitakuja Jumapili ya tarehe kumi nikupokee, mbaazi zitakuwa bado lakini shemeji anasema ataweza. Niandikie mama anaendeleaje. Niandikie ukweli.

Mdogo wako,
Brightness


Mbulu,
6 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Ukweli ndio huu. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Asubuhi ukungu umelala bustanini, huoni mabembea. Watu wa jogingi wamepungua, kwaya wamehamia ndani, waliobaki ni sisi, Nikolausi na moto wake wa majani makavu, na vijana wachache wa mpira wa wavu ambao hawasikii baridi. Nilimwambia mama siku ya kwanza tukae ndani mpaka jua litoke. Alinitazama kama mtu mvivu asiyemfahamu, akatoka. Nikamfuata na viatu vyake mkononi.

Wiki ya kwanza nilikosea kila kitu. Nilikuwa namsahihisha. Mama, hapa si Masakta. Mama, mimi ni Ludovika. Mama, hayo ni maua. Alikuwa anasikiliza kwa adabu, halafu anamwuliza Nikolausi, "Huyu dada wa kanisani ataondoka lini?" Nilikwenda nyuma ya choo cha bustani nikalia, mimi, mtu mzima mwenye wajukuu. Nikolausi akaniambia, "Mdogo wako alilia palepale. Mwaka jana, hivihivi." Hukuniandikia hilo.

Wiki ya pili nikanunua jembe la mkono nikalima naye. Hapo tukaelewana. Analima vizuri kuliko mimi mpaka leo, mstari wake haupindi. Tunalima kipande cha urefu wa kitanda, tunakimaliza, kesho tunakilima tena.

Halafu jana. Sijamwambia mtu, nakuandikia wewe.

Tulikuwa tumemaliza, jua limetoka kidogo saa tano hivi. Nikakaa kwenye benchi niondoe udongo kwenye viatu. Nilikuwa nimepanga kukaa dakika mbili. Brightness, nililala. Nililala mchana kweupe, katikati ya mji, mdomo wazi, watu wanapita. Tangu niolewe sikumbuki kulala mchana bila kuumwa.

Nilishtuka nikidhani nimempoteza. Nilikuwa nimefunikwa. Lilikuwa shuka lake, lile analojitanda, na yeye amesimama mbele yangu kwa gauni jepesi kwenye baridi ile, amenipa mgongo, fimbo ameinyoosha kuwazuia wale vijana wa mpira. Walikuwa wamesimama wote, mmoja ameushika mpira kifuani. Mama alikuwa anawaambia kwa Kiiraqw, na nadhani hawakuelewa neno, lakini walikuwa wametii:

"Chezeni mbali. Mtoto wangu amelala. Amelima tangu asubuhi, mwacheni."

Sijui alikuwa anamwona nani. Inawezekana ni mimi wa miaka sita, inawezekana ni wewe, inawezekana ni yeye mwenyewe alivyotamani kutetewa. Sikumwuliza. Nilitaka kuamka nimrudishie shuka asipate mapafu tena. Lakini Nikolausi alikuwa amekwishamletea koti lake la jeshi, akamvika begani, akaniashiria kwa kidole nitulie.

Nikafumba macho.

Usije Jumapili. Maliza mbaazi, ndipo uje. Bado nina usingizi.

Dada yako,
Ludovika